Kilo Mia na Kumi na Nne na Korongo la Kwenda kwa Yeyo

Kwa miaka kadhaa mama yangu alinibariki kupitia dirisha la gari. Nyumbani kwetu, sisi Waarusha, mtoto humwinamishia mzazi kichwa amguse utosini, hata kama mtoto mwenyewe ana mvi. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na saba na kilo mia moja na kumi na nne. Kila Jumapili ambayo sikuwa mbugani na watalii, niliendesha kutoka Lemara mpaka juu ya Ngaramtoni, pale barabara ya gari inapoishia kanisani, nikapiga honi mara mbili. Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama, alishuka na fimbo yake na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nikatoa kichwa dirishani, akakigusa, tukapiga stori kidogo, naye akaanza kupanda kurudi kwake.

Msinitazame vibaya, nilikuwa nimejaribu. Kutoka kanisani kwenda kwake ni njia ya miguu tu, na katikati kuna korongo. Mara ya mwisho nilikaa chini mara tatu kabla hata ya kulifikia. Nikaona nipande bodaboda. Tulipoanza kupanda upande wa pili wa korongo pikipiki ikaanza kurudi nyuma yenyewe, kijana akapiga kelele, "Mzee, shuka, utaniua!" Basi nikamwomba Yeyo asihangaike, maziwa atume tu na majirani. Alinijibu kwamba yeye bado ana miguu, na maziwa ya mwanawe atayaleta mwenyewe.

Jumapili moja baada ya Krismasi nilipiga honi, nikasubiri, nikapiga tena. Alifika amechelewa sana, na kabla hajanisalimia akakaa kwenye jiwe akaanza kukanda goti.

"Yeyo, goti linauma?"

"Goti gani? Wewe shughulika na hilo tumbo."

Lakini jirani yake, mama mmoja aliyekuwa akitoka ibadani, alinisogelea dirishani akaninong'oneza kwamba siku hizi Yeyo anashuka lile korongo kinyumenyume, ameshika majani, kwa sababu goti halimruhusu kushuka mbele. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Mwanamke mzee anateremka mlima kinyumenyume ili mtu mzima aliyekaa kwenye kiti aguswe kichwa! Na masika yalikuwa yanakuja. Mvua ikinyesha njia ile inakuwa sabuni. Nikaapa kwamba kabla ya mvua nitapanda mimi.

Kesho yake asubuhi nilitoka kukimbia. Sikujua kama kukimbia nako kuna utaratibu. Nilikimbia kama nilivyokimbia shuleni, kwa hasira na kwa mbio zote, mpaka njia ya kwenda Terrat, nikarudi nikiwa nimeinama kwenye pikipiki ya watu. Siku iliyofuata sikuweza kukaa chooni bila kushika ukuta. Mke wangu alicheka akiwa nje ya mlango, tena bila huruma hata kidogo.

Maumivu yalipopungua nikatoka tena, mbio zile zile. Wiki ya pili miundi ikawaka, ile mifupa ya mbele chini ya magoti. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Arusha nzima ni madaktari. Shemeji alileta mafuta ya kondoo. Mke akaleta maji ya moto na chumvi. Dereva mwenzangu, ambaye hajakimbia tangu azaliwe, akaniambia dawa ni kukimbia zaidi mpaka miguu izoee. Na mimi, kichwa changu kilivyo, nikamsikiliza huyo huyo. Baada ya siku tatu nilikuwa nachechemea, nakanyaga klachi huku nauma meno, na wageni wawili wa nyuma wakaniuliza kama nimeumwa na nyoka.

Mke wangu akachoka na vilio vyangu, akanipeleka kwa mtaalamu wa viungo mjini. Binti mdogo kabisa. Akaniambia, "Shikamoo baba, panda kitandani," halafu akabonyeza muundi wangu kwa kidole kimoja, nikaruka.

"Ulianza kwa kukimbia dakika ngapi?"

"Mpaka nichoke."

"Na ulikuwa unafukuzwa na nani?"

Nilikasirika kidogo, lakini alikuwa na haki. Alinipumzisha siku kumi. Baada ya hapo ikawa dakika moja kukimbia, dakika mbili kutembea, siku moja mazoezi, siku moja mapumziko. Kukimbia kwenyewe kuwe kwa mwendo ambao naweza kuongea. Maumivu yakipungua mwili ukipata moto, niendelee polepole. Yakizidi, nisimame hapo hapo, nirudi nyumbani, na nisijifanye mwanaume. Kisha akanipa zoezi la kunyanyua visigino na kuvishusha, nikiwa nimesimama kwenye ngazi.

Ngazi sikuwa nayo, nikatumia bampa ya gari. Asubuhi pale tunapopakia mizigo nilisimama juu ya bampa, nikapanda na kushuka, huku madereva wamejipanga kutazama. "Bonge, usiivunje springi!" Niliwatukana wote, nikaendelea kuhesabu.

Viatu navyo vina habari yake. Nilivinunua mtumbani Krokoni, vizuri, vya kijani, vikinibana kidogo mbele. Muuzaji akasema, "Vitaachia tu, mzee wangu." Havikuachia. Kilichoachia ni ukucha wa kidole gumba. Uligeuka mweusi, ukakaa wiki mbili, ukatoka wenyewe ndani ya soksi. Niliporudi kwa muuzaji na kiatu mkononi alinitazama bila wasiwasi akasema namba ninayoihitaji anayo, na kweli alikuwa nayo. Nikavichukua huku nimenuna.

Kufikia mwisho wa Februari nilikuwa nimepungua kilo kumi na moja. Kazini wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimepima. Bosi akanishika bega akaniambia siku hizi dawa zipo. Nilicheka mpaka nikakohoa, na kukohoa huko hakukunisaidia.

Jumapili ya kwanza ya Machi Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu tangu alfajiri na upepo ulinukia mvua. Nikajua ni leo. Niliegesha gari kanisani mapema kuliko kawaida, sikupiga honi. Nikavua koti, nikatupia taulo begani, nikaanza. Dakika mbili kutembea. Dakika moja kukimbia.

Sasa hapo nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa kule analijua. Juu kule mtu mzima hakimbii. Ng'ombe akipotea, watoto ndio wanaotumwa. Mtu mzima mwenye kitambi akionekana anakimbia kuelekea kwa mama yake, asubuhi, bila koti, amebeba taulo, hiyo maana yake ni moja tu. Kuna mtu amekufa.

Mama wa kwanza alikuwa anapalilia mahindi. "Kuna nini?" akaita. Nilikuwa kwenye dakika ya kukimbia, pumzi haitoshi maneno, nikampungia mkono tu. Nikasikia jembe likianguka. Nilipogeuka alikuwa nyuma yangu, amejifunga khanga kiunoni, anakuja. Kwenye nyumba iliyofuata wakaongezeka wawili. Nikapata pumzi nikasema, "Hakuna kitu! Nafanya mazoezi tu!" Mmoja akamwambia mwenzake, "Maskini, amechanganyikiwa." Kufika korongoni nilikuwa na watu kumi na moja, na mmoja alikuwa ameshaanza kulia.

Lile korongo sikulikimbia. Nilishuka kwa hatua fupi kama yule binti wa viungo alivyonifundisha, goti langu nalo likalalamika, nikasimama, likatulia, nikaendelea. Kupanda upande wa pili watu walitaka kunishika mikono, nikakataa. Nilipanda mwenyewe. Sikukaa chini hata mara moja.

Yeyo alikuwa mlangoni amevaa tayari, fimbo mkononi, kibuyu begani, anajiandaa kushuka. Akaona umati. Kibuyu kikamtoka begani kikaning'inia kwenye kiwiko.

"Nani?" akauliza. "Niambie haraka. Ni nani?"

"Hakuna, Yeyo. Nimekuja kukuamkia."

Yule mama wa jembe akashika kiuno akasema, "Yaani mahindi yangu nimeyaacha kwa ajili ya salamu?" Watu walicheka, jamani. Aliyekuwa analia akaangua kicheko huku machozi bado yanamtoka. Yeyo hakucheka. Alinigombeza kwa Kimaasai chetu na kwa Kiswahili, kwamba nimemuua akiwa mzima na kwamba sina akili tangu utotoni. Nikamwacha amalize. Kisha nikainamisha kichwa, jasho likidondoka kwenye miguu yake, na nikasubiri.

Kiganja chake kilikaa utosini kwangu muda mrefu.

"Leo nilikuwa nashuka kukuambia," akasema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Kwamba sitashuka tena. Nilikuwa nalala nikiwaza nitakuambiaje."

Nililia, sifichi. Nikajifuta na lile taulo, wakasema ni jasho, nikawaacha waamini hivyo.

Ilibidi tuwape chai wote kumi na moja. Nilikaa kwenye kigoda ndani ya nyumba niliyozaliwa, na Yeyo akanyoosha mguu wake kwenye mapaja yangu, nikaliona lile goti kwa mara ya kwanza. Lilikuwa limevimba. Nikamwambia kuna binti mmoja mjini ana kidole kikali, nitamlipia nauli aje amwone huku huku. Akasema atafikiria, na kwamba mafuta ya kondoo bado anayo.

Mawingu yaliposhuka akanifukuza nisije nikanyeshewa. Alinisindikiza mpaka ukingo wa korongo, akanivika kibuyu, na alipoona ninavyolisikilizia goti langu kabla ya kushuka, akanipa fimbo yake.

"Shika. Mimi sina pa kwenda nayo. Na geuka, mpumbavu wewe, shuka kinyumenyume."

Nikageuka. Nilishuka hatua moja moja, na kwa kuwa nilikuwa nimeangalia juu, nilimwona muda wote, amesimama kwenye ukingo, ananielekeza kwa mkono wapi pa kukanyaga, mpaka nikafika chini.