Mumunye la Tano

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane niliyasonta kidole mamumunye machanga manne juu ya paa la nyumba yetu, mtaa wa Al-Safa, Jeddah, na yote manne yakaanguka. La tano, lililojificha nyuma ya tangi la maji, sikuliona wala sikulisonta. Hilo likakomaa. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, vingine vya kilimo, lakini fumbo hili sijalitegua.

Mamumunye yalikuwa ya Bibi, mama mzazi wa Baba. Mbegu zake alitoka nazo Unguja akiwa bibi harusi mchanga, kazifunga kwenye pindo la kanga, na kila mwaka aliliacha mumunye moja likaukie kwenye mmea wake ili apate mbegu za mwaka ujao. Mwaka huo panya waliingia kabatini. Zikasalia mbegu sita. Zikishindwa hizo, basi, na Unguja ile haikuwepo tena ya kurudi kuzitafuta.

Baridi ya Jeddah si ya kujifunika mablanketi mawili, lakini mwishoni mwake zipo wiki chache ambazo paa halichomi nyayo na jua halijakasirika. Bibi alizingoja wiki hizo kama mtu anavyomngoja mgeni. Aliziloweka mbegu jioni ndani ya kitambaa, na alfajiri, baada ya kuswali, akazisia katika vikombe vitupu vya mtindi, moja moja, bila kusema neno. Mchana hakuwa na nafasi: alipika, alilea, alipokea wageni waliokuja kwa Umra na kutuhesabu sisi kuwa ndugu. Nilimwuliza anaupata wapi muda wa kupanda. Bibi aliniita mke mwenza, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, ingawa huyo mume wetu wa pamoja alikuwa amekwisha kufariki.

"Muda haupatikani, mke mwenza," alinijibu. "Muda hutengwa, kama sahani ya mtu aliyechelewa."

Baba alikuwa fundi wa lifti. Kutwa aliwapandisha watu wa majumba mengine, akirudi kwetu, kusiko na lifti, anapandisha magunia ya udongo kwa mgongo. Alilalamika kwa upole kwamba mamumunye yamejaa sokoni. Siku moja baada ya chakula, Bibi akiwa amejilaza, Baba alisema anataka kujua maji yote yale yanazaa nini, akanituma paani nikahesabu.

Mwiko niliujua. Mumunye changa halihesabiwi, wala halisontwi kidole, likisontwa huoza. Lakini neno la Baba nalo lilikuwa sheria. Nikapanda, nikahesabu kwa sauti, kidole kimenyooka.

Dada Mwende alikuwa upande wa pili wa paa akianika shuka. Alikuwa Mkenya, akifanya kazi kwa madam wa ghorofa ya chini, na paa ndipo mahali pake pekee pa kuvuta pumzi. Akatoa kibanio cha nguo mdomoni.

"Woi. Umezisonta?"

Nikasema Baba ndiye aliyenituma.

"Na hakukuambia ukunje kidole? Hata kwetu malenge ni hivyo hivyo. Unakunja, hivi, kama unabisha hodi." Akacheka, kisha akauona uso wangu, akaacha. "Haya, rudia na kidole kimekunjwa. Labda hazikuwa zinaangalia."

Nikarudia, yote manne, kwa kifundo cha kidole. Madam akaita kutoka chini, yalla, fanya upesi, na Dada Mwende akachukua beseni lake akashuka.

La kwanza lilianza kugeuka manjano nchani siku ya tatu. Wiki haikwisha kabla ya yote manne kuanguka. Wahenga walisema mumunye huharibikia ukubwani. Yetu yaliharibikia udogoni. Baba alisema kidole hakiozeshi kitu, na leo najua alikuwa na hoja: maua ya mumunye hufunguka jioni, yanamtaka nondo au mkono wa mtu wa kuyachavusha, na paa letu halikuwa na nondo wengi. Nakubali. Ila sijajua ni nondo gani aliyelifikia lile moja tu ambalo mimi sikuliona.

Nilimwendea Bibi nikamweleza. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza nani aliyenituma.

"Mimi, Mama," Baba akasema kutoka mlangoni.

Bibi alimtazama, akanitazama. "Basi mtalilea nyinyi wawili hilo lililobaki."

Tukalilea. Kila jioni Baba alirudi na nguo zake za kazi, akapanda nami paani kabla hata ya kunawa. Alilifungia kombeo la kilemba chake kikuukuu ili lisivute mmea kwa uzito. Hatukuwa na cha kuhesabu. Lilipokauka na kulia njuga ndani, Bibi alilipasua, na mbegu zikajaza gilasi.

Bibi hayupo sasa. Gilasi ilinijia mimi, nikaenda nayo Riyadh, ninakofanya kazi ofisini karibu na Al-Murabba. Baridi ya huko ni baridi kweli, na ilinipa udhuru mzuri: bado mapema, nasema, wiki ijayo, halafu ghafla joto limeingia na nimechelewa. Imepita misimu mitatu hivyo, na mbegu nazo huzeeka. Sikuwa na shughuli kumpita Bibi. Nilitenga sahani za watu wengi, isipokuwa hiyo moja.

Mwaka huu Baba, ambaye sasa amestaafu, aliniuliza kwa simu habari za gilasi. Nilimwambia kweli. Sikusikia lawama. Tukaamua mbegu zirudi Jeddah na azisie yeye. Mimi nichukue likizo yangu wakati wa maua, niende nikayachavushe kwa mkono. Nilizituma na binamu yangu. Baba aliziloweka Alhamisi jioni, akazisia Ijumaa alfajiri, katika vikombe vya mtindi.

Siku ya kumi akapiga kuniambia miche imeota. Nilipaza sauti kwa furaha mpaka jirani yangu wa ofisini akageuka. Nikamwuliza imeota mingapi.

Huyo ni fundi yule yule aliyenituma paani nikahesabu.

"Sijahesabu," akasema.