Kamba ya Katikati

Oketch alipozikwa, mkewe Apiyo hakulia. Watu wa ufuo wetu wakasema ana moyo wa jiwe. Upuuzi mtupu! Mimi Naswa, ninayekaanga samaki karibu na gati, nilimwona asubuhi ile ya mazishi. Alifunga kamba za kiatu kimoja, akazifungua, akazifunga tena, na kile kingine akakisahau. Mtu aliyekufa ganzi hivyo unamdai machozi ya nini?

Boti yao ilivusha abiria na magunia ya omena, dagaa wa ziwani, kuja Kisumu. Apiyo alishika injini, Oketch kamba. Wakikaribia, Oketch aliruka gatini, Apiyo akamrushia kamba na kuita, "Oketch, mak!" Yaani shika. Naye alishika, kila siku, huku akinitania kwamba samaki wangu wameungua.

Matanga hayajapoa, Ondiek, mdogo wake marehemu, akaitaka boti. Alidai mtu mmoja hawezi kuifikisha gatini, tena mwanamke. Mzee Obiero, mwenyekiti wa ufuo, akakata shauri, akimwita Apiyo kwa jina la bintiye.

"Mama Sheryl ataleta boti peke yake, mbele ya watu. Mtu asimguse wala kumshikia kamba. Akiweza, boti ni yake. Akishindwa, Ondiek achukue."

Apiyo akasema, "Sawa." Siku hizo alijibu kila kitu hivyo. Ukimwambia chai imeisha, sawa. Ukimwambia pole, sawa.

Akaanza kujifunza. Mwanzoni alifunga kamba puani mwa boti, kosa la kila mtu. Pua ikishikwa, mkia unatoka nje, na upepo wa mchana unamalizia kazi. Akaihamishia kamba katikati, ubavuni. Mwisho wake akaufanya kitanzi, akakipitisha ndani ya kipande cha mpira wa maji ili kibaki wazi, na kwa mti mrefu akakivika kwenye nguzo ya gati iliyo upande wa nyuma huku boti ikiendelea kujongea. Kisha hakuzima injini. Aliiacha isukume mbele polepole, kamba ikakaza, na boti ikajibana yenyewe kwenye matairi ya gati. Hapo aliweza kushuka na kufunga kamba zingine bila haraka. Nilimpigia makofi. Akaniuliza kama nina chumvi.

Siku ya kuonyesha, upepo ulikuwa mkali na gugumaji limejaa upande mmoja wa gati. Gati lilijaa watu wasio na kazi. Ondiek alikaa karibu na nguzo, mikono kifuani, akingoja urithi wake.

Apiyo aliingia taratibu akiukabili upepo. Akainua mti, kitanzi kikaning'inia juu ya nguzo. Hapo ulimi ukamteleza.

"Oketch, mak!"

Ondiek akaruka na kushika kamba. Naapa hakukusudia. Mtu wa ziwa ukimwitia mak, mikono inatangulia akili. Alisimama pale ameishika, na ghafla uso wake ukawa wa ndugu yake kabisa. Mimi nililia. Apiyo alimtazama tu, kama mtu anayesoma bei dukani.

Mzee Obiero akakohoa. "Hiyo haihesabiki, Mama Sheryl. Umeshikiwa."

"Mpatie tu boti, Mzee," Ondiek akasema, bado ameshika kamba. "Mimi sitaki tena."

"Hapana," Apiyo akasema. "Achilia kamba, shemeji. Narudia."

Akairudisha boti nyuma mpaka mbali na gati. Akaja tena, midomo ameibana. Kitanzi kikaingia, kamba ikakaza, boti ikatulia kwenye matairi. Gati zima likapiga kelele. Yeye akashuka, akafunga pua, akafunga mkia, akazima injini.

Boti ni yake mpaka leo, na abiria wanampenda kwa sababu hawagongeshwi. Lakini siku hizi anaingia kimya. Mimi kimya hicho sikizoei. Wiki iliyopita nikamwuliza, tukila samaki walioungua kweli, kwa nini haiti tena, hata kwa mazoea tu.

Alitoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni mwa sahani.

"Siku ile niliita, na mtu akashika," akasema. "Nikaangalia, si yeye."

Kisha akaomba chumvi.