Bi Mikanda na Mlango wa Nyuma

Wenzake walimwita Bi Mikanda, kwa sababu hata ndani ya gari la harusi aligeuka kukagua nani hajafunga mkanda. Alikuwa mhudumu wa ndege kwa miaka kumi na tisa, na majirani waliamini ameumaliza ulimwengu. Ulimwengu gani? Alichokiona ni mapazia ya hoteli na vidole vya miguu vya watu wasio na haya, wanaovua soksi kabla ndege haijapaa. Bwana harusi mmoja alimtapikia viatu. Mzee mwingine alimsihi amwambie rubani asimame hapo mbele kidogo, ameona nyumba ya shemeji yake. Wote aliwajibu kwa tabasamu, mpaka mashavu yakawa yanamuuma kuliko miguu.

Mwaka ule, hata hivyo, tabasamu lilikuwa la kazi tu. Mama yake alikuwa anasahau. Alianza na miwani, akaja kwenye majina ya majirani, na kila Bi Mikanda aliporudi safari alikuta mama amepungua tena.

"Dada, rudi ukae naye," mdogo wake, aliyeishi na mama, alimwambia kwenye simu. "Mimi ananikumbuka kwa sababu ananiona kila siku."

Basi akaomba kazi ya kuwafundisha wahudumu wapya. Ni kazi ya ardhini, asubuhi unatoka, jioni uko kwa mama yako. Nafasi ilikuwa moja tu.

"Barua yako inatoka Ijumaa," bosi alimwambia. "Wewe usiharibu tu."

Jumatano akaharibu.

Ndani ya kila mlango wa ndege kuna mtelezo wa mpira uliokunjwa. Kabla ya kuruka, mhudumu huutega kwa mkono wa chuma, ili mlango ukifunguliwa kwa dharura mtelezo ujae upepo hapo hapo na watu wateleze. Mkifika salama, unautegua, mwenzako wa mlango wa pili anakuja kuhakikisha kwa macho yake, ndipo unafungua. Bi Mikanda alishafanya hivyo mara nyingi mno, hadi mdomo ulikuwa unajibu wenyewe. Siku hiyo, ndege iliposimama, alichungulia simu. Mdogo wake alikuwa ameandika: "Leo mama kaangalia picha yako, kaniuliza huyu ni nani."

"Dada, umetegua?" mwenzake akauliza.

"Nimetegua."

Mwenzake alimheshimu mno kiasi cha kuona aibu kumkagua. Bi Mikanda akafungua mlango.

Mtelezo ukafumuka nje kwa kishindo kilichosikika hadi kwa wabeba mizigo. Dereva wa gari la ngazi, ambaye bado alikuwa mbali, aliruka chini akakimbia, kiatu kimoja akakiacha. Abiria wawili wakapiga makofi. Babu mmoja akakumbatia begi lake, akakaa sakafuni mlangoni.

"Binti, nitangulie?"

Bi Mikanda akacheka. Alicheka mpaka akashindwa kuacha, ikabidi wamkalishe kitini na kumpa maji.

Ijumaa barua ilitoka kweli. Hawakumfukuza, na kuacha mwenyewe hakuweza, maana dawa za mama zilitoka kwenye mshahara ule ule. Nafasi ya kufundisha alipewa msichana ambaye Bi Mikanda mwenyewe alimfundisha kumimina chai ndege inapotikisika. Yeye alitakiwa arudie mafunzo ya mlango, kisha apangiwe safari ndefu mwaka mzima.

"Samahani sana, dada," msichana alisema darasani, macho chini. "Naomba utuonyeshe unavyotegua."

Akategua mara arobaini bila kosa. Roho ilimuuma kila mara.

Safari ya kwanza ilichukua siku kumi na mbili. Alirudi mchana, bado kavaa sare, akamkuta mama amekaa barazani amechanwa nywele vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Karibu, kaa." Mama alimtazama toka kichwani hadi viatuni, akafurahi. "Umependeza. Hata mwanangu anavaa hivi hivi. Anafanya kazi kwenye ndege."

Mdogo wake alichungulia mlangoni, akarudi ndani haraka.

"Ukimwona huko," mama akaendelea, "mwambie arudi. Nimemngoja mpaka nimechoka."

"Nitamwambia," alisema Bi Mikanda. Kesho kutwa alikuwa na safari nyingine.