Mnyororo Aliousikia Mzee Mhina

Kisa hiki sikuhadithiwa na mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, alasiri, jua linawaka, na sikuwa na homa wala kileo kichwani. Cheka ukitaka. Hata mimi zamani nilikuwa nikiwacheka wasemao mambo kama haya.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi msaidizi katika karakana ya shamba moja la mkonge, nje ya Muheza. Fundi mkuu alikuwa Mzee Mhina, Mbondei, mtu mpole, na ndiye aliyenifunza kazi tangu sijui kushika spana. Meneja wetu, Mzungu, alikuwa na gari dogo la mbio la Kiingereza, la viti viwili, lisilo na paa. Alilipenda kuliko watu. Likaanza kukosa nguvu mlimani na kupiga chafya kwenye kabureta. Mzee Mhina alilisikiliza siku mbili, kisha akamwambia meneja kuwa mnyororo wa taimingi umelegea. Ni mnyororo ulio mbele ya injini, ndani ya kifuniko. Ndio unaofanya vali zifunguke na kujifunga kwa wakati wake. Mpya ilibidi uagizwe Ulaya, na gari lisimame hadi ufike.

Meneja hakutaka kusikia hayo. Aliniita peke yangu, akaniuliza mimi naonaje. Nilionaje? Sikuwa hata nimeinama kusikiliza. Lakini niliona anataka jibu gani, nikampa. Nikasema mzee amekosea kurekebisha wakati wa moto wa plagi, na masikio yake yamechoka. Siku ile ile Mzee Mhina akaambiwa maneno hayo, akafukuzwa, akafunga virago, akaenda kwao, kijiji kilicho njia ya Amani. Hakuniuliza kitu. Mimi nikapewa nafasi yake.

Miezi miwili nilisogeza moto wa plagi mbele, nikaurudisha nyuma. Gari lilibaki vile vile. Ndipo nikatumwa kulijaribu kwenye mlima wa Amani, na katikati ya mlima likazimika.

Nilikuwa nimefungua boneti nilipomwona Mzee Mhina akiteremka kwa miguu, amevaa ovaroli yake ya kazini, imefungwa vifungo hadi shingoni. Aibu ilinishika, siwezi kuficha. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akaniambia nivue kifuniko cha distribyuta, kile chombo cha kugawa moto kwa plagi, nishike hendeli, niizungushe injini kidogo mbele, kidogo nyuma, huku nikiitazama rota ndani yake, ambayo huzunguka kwa nguvu ya mnyororo ule. Mwenyewe alisimama ubavuni, kiganja amekiweka juu ya bomba la moshi. Niamini, bomba lile lilikuwa la moto wa kubabua ngozi. Yeye alikiacha kiganja pale pale, kana kwamba ameegemea ukuta.

Nikazungusha. Hendeli inakwenda, rota imetulia. Nazidi kuzungusha, ndipo rota inashtuka na kufuata. Fundi yeyote anajua maana yake.

"Umeona nini?" akauliza.

"Mnyororo umelegea, mzee."

"Tangu lini?"

Nikasema, "Tangu siku ile."

"Haya, fundi," akasema. Hakuwahi kuniita fundi kabla ya hapo. Akaondoa mkono wake, akapanda mlima kwa njia aliyojia, akapotea kwenye kona.

Haukupita muda, kwenye kona ile ile akatokea mtu amejitwika kikapu cha machungwa, anakwenda Muheza. Nikamuuliza kama amepishana na Mzee Mhina. Akasema hakupishana na mtu. Akanitazama sana, kisha akashusha kikapu. Mzee Mhina, akaniambia, wamemzika, na leo ni siku ya tisa.

Sijui nilirudije shambani. Nilivutwa na lori, hilo nalikumbuka. Kesho yake nikafungua kifuniko cha mbele, na mnyororo ulikuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nikamwendea meneja, nikamwambia ukweli wote, kwamba nilisema uongo na Mhina ndiye aliyekuwa sahihi. Akaagiza mnyororo, akanisifu kuwa nina sikio zuri. Kisha akauliza, "Mhina yupi?"

Nikaacha kazi. Kabla sijarudi kwetu Tongoni nilikwenda kwa mjane wake, Bi Mwanahawa, nikamsimulia kila kitu, hata habari ya barabarani. Alisikiliza hadi mwisho, wala hakustaajabu. Akaniambia kuwa tangu afukuzwe, mumewe alikuwa akikaa kizingitini, kila gari likipita anatega sikio. Chakula akikigusa tu, anakiacha.

"Alikuwa akiniuliza mimi, mwanamke nisiyejua gari, kama kweli masikio yake yamekufa," akasema. "Ningemjibu nini? Wewe ndiye uliyekuwa na jibu."

Niliomba radhi. Akasema wa kuombwa radhi hayupo, akaingia ndani.

Nimezeeka sasa. Nimepanda minazi, nimeoza mabinti, nimeswali. Lakini gari likisimama karibu nami huku injini inanguruma, huondoka hapo hata kama nimo katikati ya mazungumzo, na watu wangu wamechoka kuniuliza sababu. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, siku mkubwa atakapokuita faragha akuulize habari za mwenzako, nawe hujui, sema hujui. Usidhani mwenye haki uliyemdhulumu atangoja hadi Kiyama. Wangu alingoja kaburini siku nane tu.