Mtani Aliyepita Kimya

Mnisamehe mwandiko wangu, na pale nilipokosea herufi. Niliishia darasa la saba na kuandika kunanichukua muda.

Mdogo wangu, popote ulipo, unayeanza kushika simu, nakumbuka asubuhi moja hapa mtaani kwetu Mfaranyaki. Masanja muuza maziwa ni Msukuma, sisi ni Wangoni, basi ni watani. Kila siku humtukana kwanza bibi yangu ndipo ampimie maziwa. Siku ile alisema "Shikamoo" tu, akapima, akaenda.

Bibi akaniuliza kuna nini. Ikabidi nimsomee simu. Kwenye kundi la mtaa mtu aliweka habari kwamba ng'ombe wakicheua hutoa hewa inayozidisha joto la dunia. Kaka yangu Festo akaandika: "Masanja, mvua mmeimeza wewe na ng'ombe wako. Rudi kwenu!" Wengi wakacheka, wengine wakaongeza yao. Masanja akajitoa kwenye kundi.

"Ni utani tu, Bibi," Festo alisema kutoka ndani.

"Utani una uso," Bibi akajibu kwa uchovu. "Mtani akinuna unamwona, unamshika mkono. Huko kwenye simu umemshika nani? Na hilo la ng'ombe, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi umelitia matope neno la kweli. Nenda kamwambie usoni."

Tulimkuta Masanja akiosha madumu. "Walevi wa ulanzi wamefika," alisema, lakini hakucheka.

Festo akaomba radhi. Masanja akaweka dumu chini.

"La hewa nimelisikia redioni. Hata mimi majani yananiishia. Nafikiria nibaki na ng'ombe wachache, wenye maziwa. Lakini ukishaniambia rudi kwenu, neno la kweli linalofuata nitalisikiaje? Na nyie mnaochoma mapori mpate mashamba, moshi wenu hauzidishi joto?"

Festo akakubali hilo pia. Wakaongea hadi madumu yakakauka.

Kwenye kundi Masanja hajarudi mpaka leo. Ila kesho yake tulimsikia mlangoni: "We bibi, bado hujafa? Leta sufuria!" Bibi akatoka mbio kama msichana.

Mdogo wangu, nimechoka kusoma matusi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi tunajikwaa vyote pamoja. Jambo la kweli liseme, lakini kama hungeweza kulisema mbele ya uso wa mtu, usiliandike. Mungu akupe kidole kizito na sikio jepesi.

Nawe niandikie, unieleze kwenu mnaongeaje. Nitasoma polepole, lakini nitamaliza.