Tuta la Nne

Siku ambayo gari la Mama Matuta lilikuwa lipite mtaani, msusi alikuta wanawake wamejazana mlangoni pa saluni kabla hajaingiza ufunguo kwenye kufuli.

"Mimi wa kwanza!"

"Wa kwanza wapi? Nimefika hapa jogoo bado anajinyoosha!"

"Jamani, ngojeni basi nimshushe mtoto," alisema msusi, huku Bonge akirusha miguu mgongoni kwa raha. Bonge aliona watu wengi tu. Hakujua kuna msiba.

Wote walitaka kitu kimoja: matuta manne. Mistari minne minene kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, bila rasta, bila ushanga. Ndivyo marehemu alivyosuka tangu agombee ubunge mara ya kwanza hadi juzi alipofia hospitali. Wapinzani wake walimcheka kwamba kichwa chake ni shamba la viazi. Mkutano uliofuata akapanda jukwaani, akainamisha kichwa watu wakione vizuri, akasema, "Haya, shamba ndilo hili. Nani anakuja kulima?" Uwanja ukalipuka! Toka hapo akawa Mama Matuta, na hata waliomtukana walilitumia jina hilo mpaka wakasahau kwamba lilikuwa tusi.

Msusi alimpenda kwa sababu yake mwenyewe. Zamani wodi ya wazazi haikuwa na vitanda vya kutosha, wanawake walilala chini wamebanana. Mama Matuta akapiga kelele bungeni mpaka wakubwa wakamwita kichaa, na vitanda vikaja. Bonge alizaliwa juu ya kimojawapo, godoro bado lina nailoni yake. Kila msusi alipokumbuka ile nailoni ilivyokuwa ikilia chini yake uchungu ukimbana, alicheka huku machozi yakimlengalenga. Kwa hiyo leo haja yake ilikuwa moja tu: asimame barabarani amesuka matuta, amuage mama yule.

Shida ni kwamba msusi hajisuki. Matuta ya kunyooka mpaka kisogoni yanataka mikono ya mtu mwingine, na mtaa mzima mikono ya namna hiyo ilikuwa ya watu wawili: yeye, na wifi yake.

Wifi aliingia akapita katikati ya watu kama anakatiza sokoni. Saluni ilikuwa yao wote wawili, chumba kimoja, viti viwili, kioo kimoja kirefu. Tangu uchaguzi walikuwa hawasemezani. Wifi alikuwa upande wa mgombea mwingine, alimzungukia nyumba kwa nyumba mpaka viatu vikaachama. Siku ya matokeo, Mama Matuta aliposhinda, msusi alikwenda kupiga sufuria chini ya dirisha la wifi mpaka mwiko ukakatika. Basi, salamu zikafa hapo hapo. Mume wa msusi, ndiye kaka mtu, alipoitwa aamue alijibu, "Mimi chama changu ni usingizi," akajifunika shuka.

Lakini kazi ni kazi, na kitana kizuri cha mkia kilikuwa kimoja. Ndipo wakaanza kuzungumza kupitia kwa Bonge.

"Bonge," alisema wifi, akimkalisha mteja wake aliyekuja kuwekwa rasta ndefu, "mwambie mama yako mafuta yake yasivuke upande wangu."

"Bonge, mwambie shangazi yako upande wake hauna nafasi hata ya njiti. Umejaa mdomo."

"Tata," alisema Bonge, ambaye hakuwa na maneno mengine.

Wanawake wakaangua kicheko, halafu mmoja akakumbuka kilichowaleta, akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. Asubuhi yote ilikuwa hivyo, kilio na kicheko vikipishana mlangoni. Vidole vya msusi viliruka. Gawa, chana, paka, suka! Muuza mkaa alieleza jinsi marehemu alivyomshika mkono wenye masizi bila kujifuta. Mwalimu alinong'ona kwa sauti iliyosikika hadi nje, "Nilimpigia kura, na mume wangu mpaka leo anajua nilimpigia yule wa kwake."

"Makubwa! Na hayo matuta atakuuliza nini?"

"Nitamwambia ni fasheni."

Muuza mkaa akamnyooshea wifi kidevu. "Na yule mbona hasuki matuta?"

Wifi alimjibu kupitia kioo. "Nilimpinga akiwa hai. Leo nikijifanya namlilia, nitakuwa mtu gani?"

Msusi alitafuta hasira moyoni, lakini hakuiona. Akaendelea kusuka.

Ghafla mwenye duka la ng'ambo ya barabara, aliyekuwa ameweka redio juu ya kaunta tangu alfajiri, akatoka mbio katikati ya barabara. "Wameondoka mapema! Wameshavuka daraja! Wanakuja!"

Lo! Foleni ikageuka vurugu. Huyu analia, yule anavuta kiti, mwingine kaketi sakafuni ili asukwe hapo hapo. Hata mteja wa wifi alisimama, nusu ya kichwa ina rasta mpaka kiunoni, nusu ni nywele zilizosimama wima. "Samahani dada, nakwenda hivi hivi!" Huyo akatoka.

Wifi akabaki ameshika rasta mkononi. Akatazama kiti kitupu, akatazama wanawake waliobaki.

"Bonge! Mwambie mama yako alete hicho kitana." Akakipiga kiti kofi. "Nani anafuata? Usinikodolee macho, kaa!"

"Si ulisema husuki?"

"Nimesema sijifanyi kulia. Inamisha kichwa."

Sasa ndiyo ikawa kazi! Wawili wale walisuka kama wanakimbizwa. Kitana kiliruka kutoka mkono huu kwenda ule bila mtu kukiomba, kopo la mafuta likavuka mpaka na kurudi. Bonge alipoanza kulia, wifi alimbeba, akamfunga mgongoni, akaendelea bila kupoteza mstari. Mmoja mmoja wakatoka mbio, vichwa vinang'aa.

Chumba kikabaki kitupu. Mbali, honi zilisikika.

Msusi alishika kilemba chake. Chini yake nywele zilikuwa kichaka, alizifumua jana akitumaini, hata hakujua alitumaini nini. Akakikaza kilemba. Itabidi iwe hivyo. Akapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Kaa."

Akageuka. Wifi hakuwa akimtazama Bonge. Alikuwa akimtazama yeye.

"Wifi, wanafika."

"Kwa hiyo unapoteza muda. Kaa, nimesema."

Akakaa. Kilemba kikaruka huko. Mkia wa kitana ukapita kichwani, baridi, umenyooka, na tuta la kwanza likaanza. La pili. Honi zikakaribia, watu wakaanza kupiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Wifi alikuwa akihema. "Mwanamke gani yule," alisema kwa uchungu. "Nilikuwa nimejipanga, uchaguzi ujao nimwangushe puu! Anakufaje kabla sijamshinda?" Tone la moto likamdondokea msusi shingoni.

La tatu likaisha. "Amefika!" nje wakapiga kelele.

"Twende!"

"La nne je?"

"Nenda, ninalo!"

Wakatoka hivyo, msusi mbele, wifi nyuma amemshika fungu la nywele, Bonge mgongoni akipiga makofi. Watu wakawapisha hadi ukingoni mwa barabara. Gari lilikuja taratibu, maua yamelifunika, picha kubwa mbele, na kwenye picha matuta manne.

"Mama, asante!" msusi alipaza sauti. "Kitanda nilikipata! Huyu hapa, mwone!" Alitaka kugeuka amnyanyue Bonge, kichwa kikagoma.

"Tulia! Ukitikisika litapinda!"

Gari lilipita yeye ametazama mbele kama askari, machozi yanatiririka bila kufutwa, na vidole vya wifi vikifunga ncha ya mwisho kisogoni.

Mwalimu alikuja kumkagua msusi kisogoni. "Mbona hili limepinda?"

"Kesho njoo nikufumulie," wifi alimwambia msusi, akimrudishia Bonge.

"Thubutu! Nani akupe tena kichwa uliharibu?" alisema msusi. "Wewe njoo kesho mapema, ulete mwiko. Ule wangu ulikatikia dirishani kwako."