Nilitia watoto wa mbwa kwa brooder ya kuku, mathe akanigeuza nurse

Niaje wakuu wa humu ndani. Hii ni true story, na nikiongeza chumvi Sajini aniume mahali nitashindwa kukalia desk.

Nianze na ujinga wenyewe ndio mcheke mapema tumalizane. Nilichukua watoto wa mbwa waliozaliwa asubuhi hiyo hiyo, nikawanyang'anya mama yao, nikawafungia kwa brooder ya vifaranga.

Wacha nijitetee.

Sajini ni mbwa wetu hapa Lanet. Tulimpa hilo jina tukidhani ni wa kiume. Tumbo lilipoanza kufura ndio tukajua Sajini ni mathe wa watu. Akazalia kwa store siku mathe wangu ameenda mkutano wa akina mama wa kanisa. Na mnajua baridi ya huku July, ule upepo unakuita na majina yote mawili.

Mapuppy sita, weusi tii, wanatetemeka.

Mathe hufuga kuku, na brooder yake ni boksi la mbao na wire, lenye bulb ya kupasha vifaranga joto. Akili yangu ikapiga hesabu: kifaranga ni mtoto, puppy ni mtoto, bulb ni bulb. Vifaranga nikawahamisha kwa carton.

Mathe aliporudi alikuta vifaranga wanatembea sitting room kama wageni wa ruracio waliokuja na mahari, mapuppy wanalia midomo wazi kwa joto, na Sajini yuko nje ya brooder anakwaruza wire mpaka makucha yanatoka damu.

Nilingojea slipper. Haikuja. Mathe alisimama tu akimwangalia Sajini mpaka nikaogopa zaidi. Kisha akafungua brooder.

"Wewe, umeona Sajini ana mabawa?"

"Hapana, mum."

"Joto bila maziwa ni la nini? Sasa wewe ndio nurse. Akikufa hata mmoja, utachimba shimo mwenyewe."

Watano walirudi kunyonya kama hakuna kitu imefanyika. Wa sita, mdogo kuliko wote, alikuwa anasukumwa tu kando. Nikamwita Nusu Chapo. Nikampaka cutex nyekundu ya mathe kwa kucha ndio nisimchanganye, juu hao wote walikuwa photocopy.

Kazi ilikuwa kuwapima kila asubuhi kabla ya shule. Mizani ni ile mathe hupimia macustomer nyama ya kuku. Bakuli lake nilikatazwa kugusa, so nikatumia hotpot yangu ya lunch. Kiprop, deskmate wangu, kama unasoma hii: ile nywele ulipata kwa githeri yangu ya lunch haikuwa ya mathe. Pole boss.

Watano wakapanda uzito. Nusu Chapo akakwama. Halafu akaanza kushuka.

Mzee mmoja jirani akakuja kubook puppy, akamwangalia, akasema, "Huyo ni wa kutupa."

Wakuu, mimi hucheka kila kitu, hata matanga nimewahi kutolewa nje. Hiyo sikucheka. Juu ni mimi nilimtoa kwa titi siku ya kwanza.

Nikaenda kwa mathe. Alikuwa ananyonyoa kuku, hakuinua hata kichwa.

"Mguse tumbo. Si ni baridi? Kifaranga akishikwa na baridi hali, hata umwekee chakula mdomoni. Mpashe kwanza, ndio umpeleke kwa mama yake."

Kumbe idea yangu ilikuwa nusu sawa!

Nikavisha chupa ya maji moto soksi yangu ya shule, nikamlaza hapo. Kwa ile harufu, mbwa wana uvumilivu. Akipata joto namshikilia kwa titi la nyuma, lile lina maziwa mob, huku nazuia ndugu zake kama bouncer. Kabla ya shule, baada ya shule. Nilichelewa assembly mpaka mwalimu wa zamu akawa ananiuliza, "Mgonjwa aje?"

Asubuhi moja mizani ikapanda. Kidogo tu, kama kijiko cha sukari. Nilipiga nduru Sajini akanibwekea.

Macho yalipofunguka, kitu ya kwanza Nusu Chapo aliona duniani ni mimi. Akakojolea tie yangu.

Juzi yule mzee alirudi, akaonyesha mnono mmoja mwenye kucha nyekundu. "Nataka huyu."

"Mzee, huyo ulishamtupa."

Somo ni hili: mtoto wa mbwa umuache kwa mama yake. Mpime kila siku, na akikwama, mguse tumbo kabla uite mtu wa shimo. Wenye mmewahi kulea mbwa, tupeni ujinga wenu hapo chini, nisichekwe solo.

Mzee alipoenda nilimuuliza mathe mbona ile siku hakunichapa. Nawapea vile alisema, neno kwa neno:

"Hata wewe ulizaliwa kabla ya wakati, wakakuweka kwa mashine ya joto. Mimi nikabaki nje ya kioo nikikwaruza kama Sajini. Sasa enda uoshe hiyo hotpot."